Kwa nini jiji liwe na hifadhi yake ya nyaraka? Mfano wa Köln

Mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, naomba mnielimishe. Nimesoma kwamba hifadhi ya nyaraka ya Jiji la Köln, Ujerumani, iliporomoka tarehe 3 Machi 2009, na kwamba kazi ya kukarabati nyaraka zilizofukuliwa kwenye kifusi ni ya miongo mingi. Ikiwa nchi ile ina hifadhi ya taifa, jiji moja lilikuwa na nini cha pekee hata likapata hasara kubwa kiasi hicho?

Mlinzi wa Masjala:
Ndugu Mwanagenzi, Dola ya Ujerumani iliundwa mwaka 1871, ilhali hati kongwe ya Köln ni ya mwaka 922. Kwa karne nyingi jiji hilo lilijitawala, likatoza kodi na kuandikiana mikataba na miji mingine ya biashara, na maandishi yake yakabaki humo humo. Binafsi nazithamini zaidi rejista za nyumba zilizoanza karne ya 12: mtu alipouza nyumba au kuirithisha, iliandikwa nani katoa, nani kapokea na nyumba yenyewe iko wapi, hivyo mtafiti wa leo anaweza kufuatilia kiwanja kimoja kizazi baada ya kizazi. Humo pia mna kumbukumbu za Hermann von Weinsberg, diwani wa karne ya 16, aliyeandika hata mavazi na vyakula vya nyumbani kwake. Hifadhi ya taifa haina habari za namna hiyo.

Mkutubi wa Pwani:
Nyaraka hizo zilinusurika katika Vita vya Pili vya Dunia kwa kuwa zilihamishwa mapema; zikaja kufukiwa wakati wa amani, kutokana na ujenzi wa reli ya chini ya ardhi mbele ya jengo. Vijana wawili waliokuwa nyumba ya jirani walifariki. Takribani asilimia 95 ya nyaraka zilipatikana, nyingi zikiwa zimechanika na kujaa vumbi. Zilizolowa ziligandishwa upesi zisiote ukungu, kisha zikakaushwa kwenye mitambo iliyoondolewa hewa, ambamo barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2021.

Mwanagenzi:
Nashukuru sana. Je, hakukuwa na nakala?

Mkutubi wa Pwani:
Zilikuwepo mikrofilamu, yaani picha ndogo sana za kurasa kwenye utepe wa filamu, za sehemu ya nyaraka, na baada ya ajali watafiti waliombwa kuchangia kupitia intaneti picha na fotokopi walizokuwa nazo. Hata hivyo, filamu humpa msomaji maneno tu. Ngozi iliyoandikiwa na lakiri ya nta havichunguziki humo, ndiyo maana mafundi wanaendelea kuunganisha vipande vyenyewe.