Hati ya Voynich: wale wanawake 30 kwenye buruji ni siku au digrii?

Mpiga_Duara
Wakuu, napitia sehemu ya falaki ya hati ya Voynich, kile kitabu cha kale cha mkono ambacho maandishi yake hayajasomeka hadi leo (MS 408, maktaba ya Beinecke, Yale), karatasi f67 hadi f73 (r ni upande wa mbele wa karatasi, v wa nyuma). Kwenye buruji nyingi nahesabu wanawake 30, kila mmoja na nyota na neno lake. Katikati pameandikwa jina la mwezi. Je, ni siku za mwezi? Na zile nyota saba za f68r3 ni Kilimia? Naomba namna ya kupima, nadharia ninazo za kutosha.

Mizani15
Jina la mwezi liweke kando kwanza. Liko kwa herufi za Kilatini, kwa mkono tofauti na wa maandishi makuu, kwa tahajia inayoelekea Kifaransa: mars, aberil, may. Ni maoni ya msomaji aliyekuja baadaye.

Sasa pima. Ngozi ya hati imepimwa kwa kaboni, ikatoka 1404–1438. Kalenda ya wakati huo ni ya Juliasi, iliyotangulia hii yetu, na jua lilikuwa linaingia Kondoo karibu tarehe 12 Machi. Samaki wamepewa "mars". Kama kila mwanamke ni siku ya Machi, basi jua liko kwa Samaki siku kumi na moja hivi tu, na zote zinazobaki ni za Kondoo. Digrii hazina shida hiyo, kila buruji ina 30, basi. Tena kuchora sura moja kwa kila digrii si jambo geni: vitabu vya nyota vya Alfonso X, mfalme wa Kastilia (Hispania), karne ya 13, vinafanya hivyo hivyo.

Doa lipo: Samaki wana 29. Mwenye nadharia ya digrii anadaiwa jibu hapo, na mimi sijaona linaloridhisha.

nge_na_mshale
Naongezea kuhusu kuhesabu, maana makosa mengi huanzia hapo. Kondoo na Ng'ombe wamegawanywa kurasa mbili mbili, 15 na 15. Ukichukua ukurasa mmoja utadhani umegundua kitu. Mbuzi na Ndoo hawapo, karatasi ya 74 imekatwa. Kurasa nyingine hukunjuliwa, ndiyo maana f72 ina r1, r2 na r3, kwa hiyo andika namba kamili.

Hesabu kila pete peke yake, mara mbili, kwenda na kurudi, na uweke alama kwenye nyota uliyoanzia. Maandishi ya duara tafuta pengo au alama yanapoanzia. Ukianzia popote unavunja neno katikati.

Rangi usiipe uzito, huenda ilipakwa baadaye na mtu mwingine. Fuata mstari wa wino. Wino ndio unaoonyesha kuwa Mshale ni mtu wa miguu miwili mwenye upinde wa kufyatulia, si nusu farasi, na sura hiyo inapatikana kwenye kalenda za upande wa Ujerumani. Nge naye ni kama mjusi. Mchoraji huyo hajawahi kukutana na nge chooni.

Manazili28
Kilimia: kundi la nyota saba lipo kweli, na mstari uliopinda unaliunganisha na mwezi ulio katikati. Ila saba peke yake haitoshi. Mwaka 2014 mwanaisimu Stephen Bax alisoma neno lililo karibu, *doary* kwa EVA (namna ya kuandika herufi za Voynich kwa herufi za kawaida), kuwa ni jina la buruji ya Ng'ombe. Kipimo ni hiki: chukua sauti alizozipa herufi hizo, zipeleke bila kubadilisha kwenye lebo nyingine ishirini. Ukilazimika kugeuza herufi ili neno la pili likubali, umeshindwa.

Na mtego wetu sisi tuliozoea Kiarabu: lebo nyingi za buruji huanza na *ok-* au *ot-*, mtu anaona "al-" ya majina ya nyota kama al-Thuraya (Kilimia) na al-Dabarani. Kabla hujafurahi, fungua kurasa za mimea. Maneno ya *ok-* na *ot-* yamejaa huko pia, na mizizi haina majina ya nyota.

Mpiga_Duara
Nimeelewa. Na f68v3, ile inayosemwa ni galaksi ya Andromeda?

Mizani15
Hiyo ni nadharia ya Newbold, msomi aliyedai ameisoma hati hii, 1921. Angalia katikati: duara dogo lenye T ndani, nusu moja na robo mbili. Ni ramani ya dunia ya zama za kati: Asia juu, Ulaya na Afrika chini. Kilicho katikati ni dunia yetu, hiyo mikono inayopinda imeizunguka. Linganisha na hati ya Français 565 ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ina duara la namna hiyo likizungukwa na nyota na ukanda wa mawingu. Mikono ya galaksi haionekani kwa macho matupu. Ya kwanza kabisa ilionekana 1845, kwa darubini kubwa ya Lord Rosse, na hata hiyo haikuwa ya Andromeda.