Fizi zinatoka damu nikiwa na mimba, nifanye nini?

Mama wa Ndosho: Jambo ba mama. Niko na mimba ya miezi tano, kila asubui nikisafisha meno natema povu ya rozi, fizi zimevimba. Mama mukwe anasema kila mimba inakulaka jino moja, niache brosi mpaka nizae. Ni kweli?

Yaya wa Himbi: Hapana dada, usiache brosi! Mimi niliacha na ikazidi. Ni homoni za mimba ndiyo zinafanya fizi zivimbe haraka uchafu ukibaki pale, mtoto hakuli meno yako. Tafuta brosi ya laini, mara mbili kwa siku, na ukitapika usipige brosi palepale, sukutula na maji kwanza ungoje kama saa nzima kupita, juu asidi ya tumbo inalegezaka jino. Na uende kwa dantisti, mumwambie uko na mimba, banakutunza bila shida.

Papa wa Birere: Na mtoto akizaliwa, jino la kwanza likitokea tu unaanza kulisafisha, na dawa ya meno yenye fluori, kidogo tu kama punje ya muchele. Usimulalishe na biberoni ya chai ya sukari, wangu meno ya mbele yaliozeaka hivyo, nililia.

Mama wa Ndosho: Aksanti sana. Na mama mukwe analalaka na dantie yake (meno ya kubandika) mdomoni, ni sawa?

Yaya wa Himbi: Aitoshe usiku, aisugue, ailaze mu maji safi, fizi zipumuzike.