Petroli imepanda, boti inatushinda: nibadili injini au nibadili uvuvi?

Mshipi Mrefu

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kabla sijafanya maamuzi ya hasira.

Tuko wanne, tunamiliki boti kwa pamoja. Ni ya faiba, mita 6, injini ya nje ya nguvu za farasi 40, zile za kuchanganya oili kwenye petroli. Hatuvui kwa biashara. Ni starehe ya mwisho wa wiki, tukipata tunagawana, tukikosa tunarudi na stori. Utaratibu wetu ni uleule tangu tulipoinunua: alfajiri tunafungulia injini kasi yote mpaka kwenye mwamba ulioko maili 12 nje, tunarambaza asubuhi nzima, yaani boti inatembea polepole ikiburuta mishipi minne nyuma, jua likipanda tunahamahama kufuata ndege wa baharini wanaoonyesha samaki walipo, kisha tunageuza.

Zamani tulijaza tangi bila kuulizana. Sasa hivi hesabu ya petroli inaanza kwenye simu katikati ya wiki, na mara nyingi inaishia kwa mmoja kusema "safari hii nina udhuru". Tukibaki watatu mchango unapanda, na wa tatu naye anapata udhuru. Mtu hasemi hana hela, anasema mgongo unauma.

Safari moja inakula karibu lita 50. Kila mmoja ana dawa yake. Wa kwanza anataka tuuze injini tuchukue ya mipigo minne, isiyochanganywa oili kwenye petroli. Wa pili anasema tubebe mafuta ya kwenda na kurudi tu, tusibebe ya ziada, boti iwe nyepesi. Wa tatu anataka tuvue karibu na nchi kavu, jambo ambalo mimi naliona ni kwenda kulea vidagaa. Nyie mliobanwa na hizi bei mmefanyaje?

Chambo Hai

Nunueni sokoni mkuu. Gawanya hiyo petroli kwa kilo za samaki mnaorudi nazo, halafu usimwonyeshe mkeo hayo majibu.

Fundi wa Tezi

Mkuu Mshipi, kabla ya kuuza kitu tufanye hesabu. Injini ya petroli ikifunguliwa yote hula takriban lita 4 kwa saa kwa kila farasi 10. Yenu ni kama lita 16 kwa saa, na hizi za kabureta za kuchanganya oili huzidi hapo, maana sehemu ya petroli hutoka na moshi kabla haijaungua. Tuseme 18. Boti kama hiyo ikiwa na watu wanne nadhani inatembea maili 18 kwa saa, kwa maili za baharini. Basi maili 12 ni dakika 40, lita 12. Kwenda na kurudi 24.

Umesema mnamaliza 50. Lita 26 nyingine zimeenda wapi?

Zimeenda kwenye kurambaza na kuhamahama. Injini hizo zikizungushwa polepole ndipo zinapofanya ubadhirifu kuliko wakati wowote, na nyie mnaiacha iunguze asubuhi nzima. Weka lita 4 kwa saa, zidisha kwa saa tano, hizo ni 20. Zilizobaki ni za kufukuza ndege. Kwa hiyo mnaulaumu umbali wakati zaidi ya nusu ya petroli inaungua mkiwa mmeshafika.

Halafu hicho kiherehere cha alfajiri. Boti ikishapanda juu ya maji, yaani ikianza kuteleza badala ya kuyalima, rudisha mkono wa kasi mpaka robo tatu, isikilize, itabaki juu. Mtafika dakika kumi baadaye na tofauti mtaiona kwenye tangi. Ila msirudishe mno. Kasi mbaya kuliko zote ni ile ya katikati: omo (mbele) imeinuka, tezi (nyuma) imezama, boti inasukuma kilima cha maji mbele yake. Hapo kila maili inakula petroli nyingi kuliko mngekimbia au mngetambaa. Kwa mita 6, kutambaa ni maili 5 na ushee kwa saa. Ama hapo, ama juu kabisa.

Swali: injini ikifunguliwa yote inafika mizunguko mingapi kwa dakika? Na chini ya boti mmepakwangua lini?

Mshipi Mrefu

Fundi, umenikata maini. Mizunguko sijui, mita iliharibika zamani. Chini kuna ukoga, nakiri, na vile viganda vigumu upande wa nyuma.

Fundi wa Tezi

Basi anzeni hapo, ni kazi ya jioni moja na kipande cha mbao. Usitumie chuma, utachuna faiba. Mita ya mizunguko tengenezeni, haina mbadala. Injini ikishindwa kufika kwenye mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, propela yenu ina mpindo mkubwa mno kwa mzigo mnaobeba. Mpindo ni umbali ambao panga lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja; ukipunguza inchi moja, unapata mizunguko 150 hadi 200 hivi. Na kama ncha za panga zimepinda kwa kugonga mwamba, peleka zinyooshwe. Watu wanauza injini nzima kwa sababu ya propela.

Ya mipigo minne ni nzuri, sikatai. Kwa kurambaza inaweza kuokoa theluthi ya petroli au zaidi. Lakini ni nzito zaidi, tezi yenu itakaa chini, na kwa watu wa mwisho wa wiki itachukua miaka mingi kurudisha pesa yake. Anayetoka kila siku ndiye inayemlipa haraka.

Binti Omo

Mimi nimeshaacha kurambaza, labda nikiwa njiani tu kuelekea ninakokwenda, maana safari hiyo naifanya hata hivyo. Nikifika nazima. Naenda upande mkondo unakotokea, naachia boti ielee na maji juu ya ukingo wa mwamba, mishipi iko chini na chambo. Ikishapita mwamba, nawasha, narudi nilikoanzia, naelea tena. Siku nyingine natia nanga na kumwaga chambo kilichosagwa kidogo kidogo. Injini inawaka dakika chache kwa saa. Samaki ninaopata si walewale, huyo mwenye mbio wa juu nampata mara chache, ila wa chini nawapata wengi kuliko zamani.

Kingine ni majadwali ya maji, yale yanayoonyesha saa za kupwa na kujaa. Tulikuwa tunatoka saa inayotufaa sisi. Siku hizi natoka maji yakipwa yanisukume nje, nageuza yakianza kujaa yanirudishe. Mkondo wa maili 2 kwa saa, ukiwa nao ni zawadi, ukiwa kinyume nao unaulipia petroli njia nzima.

Kuhusu karibu, kaka yangu, usidharau. Shida ya karibu si vidagaa, shida ni kwamba kila aliyebanwa na bei amehamia hukohuko. Miamba ya maili 2 na 3 sasa ina msongamano, na samaki wengi wa mwambani hawahami mbali, wakipigwa wiki baada ya wiki wanaisha kweli. Kwa hiyo mkija karibu, chukueni mshipi mwembamba, mrudishe wadogo, na msikae jiwe moja kila wiki.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa jambo la hatari. Huyo mwenzenu wa pili, anayetaka mbebe mafuta ya kwenda na kurudi tu, mnyamazisheni leo.

Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Kanuni hiyo haikuwekwa enzi za petroli rahisi ili ifutwe enzi za petroli ghali. Upepo ukigeuka ukawa usoni, boti iliyokula lita 12 kwenda inaweza kula 20 kurudi, maana huwezi tena kupanda juu ya maji, unalima wimbi kwa wimbi katika ile kasi mbaya aliyoisema Fundi. Injini ikizimika kwa kukosa mafuta, boti inageuka ubavu kwa mawimbi, na hapo hakuna anayekumbuka bei.

Chambo Hai

Heshima kwako mzee, lakini uzito nao unakula mafuta. Theluthi nzima ya kubeba tu bila kuichoma?

Nahodha Mstaafu

Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, mwanangu. Lita 20 ni kilo 15. Kwenye boti yenye watu wazima wanne hiyo ni nini? Mkitaka wepesi, kausheni maji ya ngama, yale yaliyotuama chini ndani ya boti, toeni nanga ya pili yenye kutu, lile sanduku la barafu la kubeba samaki ambao hamjawapata, na tangi la chambo hai msilijaze mpaka mnafika. Lita 80 za maji ni kilo 80.

Kasia Kavu

Naomba niulize hapahapa: nikinunua petroli nyingi sasa nikaiweka nyumbani kabla haijapanda tena, si nitakuwa nimewahi?

Fundi wa Tezi

Hapana. Kwanza ni moto ndani ya nyumba. Pili petroli inachacha, na iliyochanganywa ethanoli inavuta unyevu wa hewa. Maji yakizidi, ethanoli inajitenga na kukaa chini ya dumu pamoja nayo. Hicho ndicho injini itakachonyonya kwanza. Utakachookoa kwenye bei utamlipa fundi wa kabureta, na mimi sikatai kazi, ila sitaki lawama.

Mshipi Mrefu

Nawashukuru wote. Injini hatuuzi. Jumamosi tunapindua boti kwenye mchanga tukwangue, propela inaenda kwa fundi, na kurambaza kutabaki kwa njiani tu. Theluthi nimewatumia wenzangu kama ilivyoandikwa na mzee, yule wa pili kanyamaza kweli.

Limebaki la udhuru. Tuchange vipi ili mtu asikimbie?

Binti Omo

Sisi mchango ni wa mwezi, si wa safari, na anayekosa harudishiwi. Petroli inanunuliwa kwa kilichopo kwenye mfuko: kikitosha safari mbili twende mbili, kikitosha moja twende moja, ndefu, ya siku ambayo hali ya hewa na maji vyote vinafaa. Tunatoka mara chache kuliko zamani, lakini tukitoka tuko wote, maana kila mtu ameshalipa. Mgongo wa mtu hupona haraka sana pesa yake ikiwa tayari kwenye tangi.

Mkichukua mgeni achangie petroli, ulizieni kwanza bima yenu na sheria za mlipo. Kuchangiana gharama na kutoza nauli ni vitu viwili, na nchi nyingi anayetoza nauli anatakiwa kuwa na leseni.