Fomu ya usajili: mtu anajiidhinisha mwenyewe

Swali: Wakuu, fomu yangu ya Laravel (mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP) ina sehemu iliyofichwa, status=pending, yaani anasubiri kupitishwa. Mtu akifungua zana za kivinjari akaandika approved, anaingia bila kupitishwa. Nizibe wapi?

Jibu: Ondoa sehemu hiyo kabisa; kufichwa si ulinzi. Hifadhidata ndiyo iweke 'pending' kama thamani ya mwanzo. Itoe status kwenye $fillable (orodha ya sehemu zinazoruhusiwa kujazwa kwa pamoja), na utumie $request->validated() (sehemu zilizopita ukaguzi tu) badala ya all() (kila kilichotumwa). GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, ilipenywa kwa tundu la aina hii Machi 2012, kwenye Rails (mfumo kama Laravel, wa lugha ya Ruby).

Aliyeuliza: Msimamizi ataibadilishaje sasa?

Jibu: $member->status = 'approved'; kisha save(). $fillable huzuia ujazaji wa pamoja, kama create() na update(), si kuweka sehemu moja moja hivi. Seva ikague kwanza kama anayebonyeza ni msimamizi kweli.

Jibu: Fomu ya kuhariri wasifu nayo ikague, wengi huisahau!