Mjadala: Kombe la Grand Slam la Munich lilikufa kifo chake au liliuawa?

Mleta mada

Wakuu, habari za wikiendi. Tangu Jannik Sinner wa Italia azoe zile dola milioni 6 zilizoripotiwa kule Riyadh Oktoba 2024, kwenye Six Kings Slam, tamasha la tenisi la watu sita, kila tukigusa tenisi humu lazima mtu aseme haijapata kutokea. Imepata kutokea. Desemba 1990, ukumbi wa Olympiahalle mjini Munich, Pete Sampras mwenye miaka 19 alimfunga Brad Gilbert seti tatu bila, akaondoka na dola milioni 2. Septemba ya mwaka huohuo alikuwa ametwaa US Open na kulipwa dola 350,000. Yaani chini ya wiki moja ya Munich ilimlipa karibu mara sita ya wiki mbili za New York. Hata Gilbert, aliyepigwa, alibeba milioni 1.

Hilo ndilo Kombe la Grand Slam. Liliishi kuanzia 1990 hadi 1999, likafutwa. Naleta hoja: lilistahili kufutwa? Msimamo wangu ni kwamba halikustahili, na najua mtanishukia.

Tuanze na chanzo chake, la sivyo hatutaelewana. Wakati wa US Open ya 1988, wachezaji wa kiume kupitia chama chao, ATP, waliitisha waandishi kwenye maegesho ya magari nje ya uwanja, wakatangaza kwamba wamechoka kupangiwa maisha na wataendesha wenyewe mashindano yao. Mfumo wao ukaanza 1990. Grand Slam nne, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote ya Melbourne, Paris, Wimbledon na New York, hazikuingia humo. Zilibaki upande wa Shirikisho la Kimataifa, ITF. ATP wakawa na fainali zao za kufunga mwaka, Frankfurt, watu nane kwa pointi. ITF wakajibu mapigo: sisi tunaita 16 waliofanya vizuri kwenye Grand Slam peke yake, na tunamwaga milioni 6. ATP wakakataa kuyapa mashindano hayo pointi za viwango. Na yote mawili yakachezwa Ujerumani, wiki chache tu kati ya moja na jingine, kwa sababu nchi ya Becker, Graf na Stich enzi hizo ilikuwa tayari kununua tiketi ya tenisi hata usiku wa manane.

Kwa hiyo ndiyo, lilizaliwa na ugomvi wa mabosi. Lakini kigezo chake kilikuwa safi kuliko cha wenzao. Hukuweza kuingia kwa kuokoteza pointi kwenye vimashindano ishirini. Uliulizwa swali moja: kwenye zile nne ulifanya nini? Ndiyo maana David Wheaton, ambaye hakuwahi kucheza fainali ya Grand Slam ya mmoja mmoja maishani, alifika nusu fainali ya Wimbledon 1991, akaitwa Munich, akamnyuka Michael Chang fainali na kuchukua milioni 2. Mwaka 1994 Magnus Larsson wa Sweden alimtoa nishai Sampras, namba moja wa dunia.

Jambo la pili ndilo nataka tubanane hapa. Nje ya zile milioni 6 za wachezaji, dola milioni 2 zilitengwa kwa Mfuko wa Maendeleo wa Grand Slam, unaosaidia tenisi kwenye nchi zisizo na uwezo. Haikuwa hisani ya bingwa akijisikia. Ilikuwa sehemu ya mpango. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, umeivalisha maiti suti nzuri, lakini ni maiti. Mashindano yasiyo na pointi ni maonyesho tu. Mwaka wa kwanza mastaa kadhaa hawakwenda kabisa, Andre Agassi wa Marekani akiwemo. Unajua watu wanakumbuka nini cha 1990? Gilbert na Wheaton kutaka kuzichapa uwanjani kwenye nusu fainali, basi. Na huo mfano wako wa Wheaton unakuumiza mwenyewe: huyo ndiye bingwa wa mabingwa? Frankfurt ulikutana na wanane bora wa mwaka mzima, unacheza na watatu kwenye kundi kwanza, huna pa kujificha.

Mchangiaji wa 3

Nauliza tu: wanawake walikuwa wapi? Kombe lilijiita la Grand Slam, na Grand Slam zote nne zina wanawake. Steffi Graf alizibeba zote nne mwaka 1988, dhahabu ya Olimpiki juu yake, na ni Mjerumani. Munich wakaweka milioni 6 za wanaume watupu! Wanawake waliletwa 1998, wanane tu, kombe likiwa limebakiza miaka miwili ya kuishi. Venus akashinda wa kwanza, wa pili akachukua Serena kwa kumfunga dada yake huyohuyo, mara ya kwanza kumfunga tangu waanze kucheza kwa kulipwa. Kwangu mimi hiyo fainali ya 1999 ndiyo kitu pekee cha maana kilichotoka pale. Mleta mada umeandika aya zote hizo na hujawataja hata kwa bahati mbaya.

Mchangiaji wa 4 (Nairobi)

Niko na nyinyi kutoka Nairobi. Huo Mfuko wa Maendeleo msiuone kama ni hadithi, sisi tumeona matunda. Angella Okutoyi kabla ya kushinda Wimbledon ya wasichana 2022, wawili wawili na yule Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alilelewa kwenye vituo vya mafunzo vya ITF, akianzia Bujumbura. Sada Nahimana wa Burundi pia alipitia njia hiyo. Mtoto wa huku raketi atapata. Kinachomshinda ni nauli ya kwenda kucheza nje wiki baada ya wiki ndiyo apate viwango. Sasa nani analipa hiyo nauli? Si wale wa Riyadh.

Mchangiaji wa 5

Nairobi, heshima kwako, ila tuhesabu miaka. Kombe lilikufa 1999. Okutoyi amezaliwa 2004. Mfuko ulianza 1986, kombe likiwa bado halipo, na mpaka leo unaendelea kwa pesa za Grand Slam zenyewe. Kwa hiyo kombe halikuuzaa na kufa kwake hakukuuua. Hoja kuu ya mleta mada imeanguka hapo.

Mleta mada

Mchangiaji wa 5, haijaanguka. Sikusema kombe liliuzaa mfuko. Nasema kwa miaka kumi, tamasha lililokuwa likisemwa kwa ulafi kuliko yote lilikuwa na fungu la nchi maskini lililojulikana kabla mpira haujarushwa. Milioni 2 kwenye 8 ni robo. Nitajieni tamasha la leo la watu sita linalotoa robo.

Kuhusu wanawake, mchangiaji wa 3 sina la kujitetea kwa niaba ya ITF. Miaka minane ni aibu, na kama wangewaingiza tangu 1990 huenda leo tungekuwa tunabishania kitu kingine kabisa.

Sasa kifo chenyewe. Mwaka 1997 walilihamisha kutoka Desemba kwenda Septemba, wiki chache baada ya US Open, watu wakiwa hoi. Mwishoni mwa 1999 ATP, ITF na Grand Slam nne wakaelewana, wakaunganisha fainali zote mbili kuwa Tennis Masters Cup, ikaanzia Lisbon 2000, Gustavo Kuerten wa Brazil akashinda. Ndiyo hiyo leo inaitwa ATP Finals, iko Turin. Tazameni kilichobaki cha Munich mle: kipengele kwamba bingwa wa Grand Slam aliye ndani ya 20 bora anaweza kupewa nafasi hata kama hayumo kwenye wale wa juu. Kigezo kizima cha kombe kikashushwa kuwa kiti kimoja cha akiba.

Mchangiaji wa 2

Kwa hiyo unakubali walikaa mezani wote, ITF wakiwemo, wakasaini wenyewe. Hilo halikuuawa, mkuu. Wenye mali waliliuza.

Mleta mada

Na mgao wa nchi maskini kwenye hayo mauzo ulikuwa asilimia ngapi? Anayejua aweke hapa.