Vitini vinavyodai kwamba "odd", "bizarre" na "remarkable" ni neno moja vinawaponza vijana wetu

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kuna vitini vya Kiingereza vinavyouzwa kwenye vibanda vya fotokopi karibu na shule za sekondari, na vingine husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa tuisheni, ambavyo vina ukurasa wa maneno ya kueleza mambo yasiyo ya kawaida. "Strange", "odd", "weird", "peculiar", "bizarre", "queer", "remarkable", "extraordinary": yote yamepangwa safu moja upande wa kushoto, na upande wa kulia limeandikwa neno moja tu, "ajabu", kisha mstari mmoja mrefu umeshushwa hadi chini ya ukurasa. Mwanafunzi anaambiwa ayakariri na ayatumie kwa kubadilishabadilisha, ili msahihishaji aone kwamba ana msamiati mpana.

Huo ni uongo, na watu wanaulipia.

Huwa nawapitia vijana wa mtaani kwetu barua zao za kuomba ufadhili wa masomo kabla hazijatumwa. Mwaka huu nililetewa barua ya mapendekezo ambayo mwalimu alimwandikia binti mmoja mwenye bidii na akili nyingi, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "She is an odd and bizarre student." Mwalimu yule alikusudia kusema kwamba binti ni wa pekee na kwamba hajapata kufundisha mwingine wa mfano wake. Msomaji wa Uingereza au Canada angeelewa kwamba binti ana mienendo isiyoeleweka, na kwamba mwalimu wake mwenyewe anawatahadharisha wasimchukue. Kinachonikera zaidi ni kwamba sentensi hiyo haina kosa hata moja la sarufi. Angekosea sarufi, msomaji angehisi kwamba mwandishi ameteleza na angejaribu kukisia alichotaka kusema. Kwa kuwa imenyooka, ataiamini kama ilivyo.

Wanaotunga vitini hivi ni Waswahili kama sisi, na katika lugha yao hawawezi kufanya kosa hilo. Sisi tuna ajabu, shani, kioja, kituko na muujiza, na hakuna mtu mwenye adabu zake atakayesimama kumshukuru mgeni rasmi kwa kumwambia kwamba hotuba yake ilikuwa kituko. Kila mmoja wetu anajua lipi linasifu, lipi linashangaa na lipi linadharau. Kwa nini basi tuwafundishe watoto kwamba Kiingereza hakina mizani hiyo?

Kinayo, tena imebadilika kadiri karne zilivyopita. "Weird" katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina lenye maana ya majaliwa, na ndiyo sababu wachawi watatu katika tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare wanaitwa hivyo, kwa kuwa wanajua yatakayompata mtu. Leo kijana wa London akimwita mwenzake hivyo, mara nyingi anambeza. "Peculiar" linatokana na neno la Kilatini linalohusu mali ya mtu binafsi. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia katika 1 Petro 2:9, mahali ambapo Biblia yetu inasema "watu wa milki ya Mungu", na nimeona vijana waliolelewa kanisani wakijitambulisha kwa neno hilo katika barua za kuomba kazi wakiamini kwamba wanajisifu, ilhali mwajiri wa leo anapolisikia hufikiria harufu inayotia shaka au mtu mwenye tabia za kutatanisha. Kuhusu "queer" nitasema kwa ufupi tu: lilishatumika kama tusi kwa watu wa mapenzi ya jinsia moja, baadaye wengi wao wakalichukua wakajiita wenyewe, na kumpa mtoto wa Kidato cha Pili neno hilo bila kumweleza historia hiyo ni uzembe wa wazi.

Madhara hayaishii kwenye barua. Katika ripoti za picha za eksirei, daktari anapoandika kwamba moyo ni "unremarkable", ana maana kwamba hakuona kasoro yoyote. Mjukuu aliyekaririshwa kwamba "remarkable" ni ajabu atamsomea nini babu yake aliyekaa kitini akisubiri majibu? Vivyo hivyo, tangazo la kampuni linaloita "extraordinary general meeting" linahusu mkutano wa wanahisa unaofanyika nje ya ule wa kila mwaka, kwa jambo lisiloweza kungoja. Hakuna la kustaajabisha ndani yake.

Najua nitajibiwa kwamba mtihani unadai visawe na kwamba mwalimu hana muda. Sikubali. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza, na anachokariri mwanzoni ndicho kinachong'ang'ania kichwani miaka mingi. Tena kazi yenyewe imeshafanywa. Kamusi ya Oxford ya wanafunzi, ile iliyoanzishwa na A. S. Hornby, huweka alama kwenye maneno yenye kulaumu, ya mazungumzo ya kawaida na yanayoudhi, na maneno mengi yamepewa sentensi za mfano. Mtunzi wa kitini angenakili sentensi moja tu kwa kila neno, angekuwa amewatendea haki wanaomlipa.

Walimu mliomo humu ambao mmewahi kuuandika ukurasa huo ubaoni, au kuuuza, naomba mjitokeze mtueleze mliutoa wapi na kama mko tayari kuuondoa kabla ya muhula ujao. Na mwenye nakala ya kitini chochote chenye ukurasa huo aiweke hapa, tuanze kusahihisha neno moja moja.