Tunataka kuwasaidia wanaojitolea kulinda gorila Bwindi: tupeleke vifaa au pesa?

Kipara_wa_Marangu:

Wadau, habari za jioni. Mwenye kuijua Bwindi, ule msitu wa gorila kule Uganda, anipe mwanga kabla hatujafunga mzigo.

Sisi ni kikundi cha waongoza watalii na wapagazi hapa Moshi. Kazi yetu ni mlima, ila wapo wageni ambao wakishashuka Kilimanjaro wanataka na gorila, na mimi ndiye ninayewavusha mpaka wa Mutukula hadi Kisoro, jirani na Bwindi. Kule upande wa Nkuringo nilikutana na hawa watu wanaoitwa HUGO. Si askari wa hifadhi. Hawana bunduki wala mshahara, ni wakulima wa pale pale kijijini. Gorila wakitoka msituni wakaingia mashambani, wao ndio wanaoitwa. Wanajipanga mstari na kuwarudisha mdogo mdogo, huku wanapiga kelele.

Siku niliyowaona mvua ilikuwa haitaki kukatika, na baridi ya kule mnaijua. Mama mmoja wa makamo alikuwa pekupeku, kichwani kajifunika mfuko wa mbolea. Dume la gorila, lile kubwa lenye mgongo wa fedha, limekaa juu ya mgomba lililouangusha lenyewe, linachana shina kwa meno likitafuta kile kiini cheupe cha ndani. Mkungu wa ndizi limeuacha pembeni. Mama kasimama karibu yake, anamsemesha kwa Kifumbira, lugha ya pale, kama anafukuza mbuzi wa jirani. Nikamuuliza mwenyeji wangu, shamba hili ni lake? Akasema hapana, la kwake liko bonde la pili, na muda huo nyani walikuwa wanajihudumia bila wasiwasi.

Sasa kikundi kimekubali kutoa mchango, tatizo ni namna. Wageni huwa wanatuachia makoti, fulana, soksi, suruali za baridi, na stoo imejaa. Mimi nilifikiri tufunge magunia tuwapelekee. Mweka hazina anataka tupeleke pesa, tuwalipe kwa kila mtego wanaoung'oa msituni, ili kazi ionekane. Katibu yeye anasema tutumie shirika kubwa lolote tu, yaishe. Mnaonaje?

Bunagana_Mpakani:

Kaka wa Marangu, mimi nafanya biashara ya viazi hapa mpakani, na shemeji yangu yumo kwenye hicho kikundi cha HUGO kwa miaka mingi. Acha nikueleze bila kukuficha.

Kwanza, hayo magunia ya nguo yaache huko huko Moshi. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi waliugua upele. Manyoya yakanyonyoka, ngozi ikawa magamba, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Daktari aliyeushughulikia ni Gladys Kalema-Zikusoka, wakati ule ndiye daktari wa wanyama wa mamlaka ya hifadhi. Ugonjwa ulidhaniwa umetoka kwa watu, kwenye nguo chafu zilizovalishwa sanamu za kutishia wanyama mashambani. Gorila ni mdadisi, akiona kitambaa atakishika. Nguo zenu zikifika hapa zitavaliwa, zitachakaa, na mwisho wake ni kutundikwa kwenye mti shambani. Hata mkizifua kwa maji ya moto leo, hamtakuwepo kuzifua mwakani.

Pili, huyo mweka hazina wenu mpeni chai akae chini kwanza. Kulipa kwa kila mtego! Mtego ni nini? Ni kamba ya nailoni au waya, hata wa breki ya baiskeli unafaa. Unapinda mti mchanga mpaka chini, unafunga kitanzi, unaweka kijiti cha kufyatulia, unafunika kwa majani. Ukiwa na panga ni kazi ndogo tu. Sasa ukitangaza kwamba kila kitanzi kina bei, utaletewa vitanzi mpaka ukimbie. Kuna mfadhili mmoja alipita huku na mpango kama huo. Waya alizoletewa zilikuwa zinang'aa, hazijawahi kunyeshewa.

Na elewa kwamba wengi wanaotega hawamtafuti gorila. Wanatafuta funo na nguruwe mwitu, nyama ya kula nyumbani au kuuza mtaani. Gorila anapita anatia mkono. Mkubwa anaweza kuikata kamba akaondoka na kitanzi kimembana, kidonda kikaoza. Mdogo hana nguvu hizo.

Kwa hiyo shida ya hawa wanaojitolea ni siku zao. Simu ikilia saa mbili asubuhi, siku ya kupalilia imekwenda. Shemeji yangu kuna msimu viazi vyake vilioza ardhini kwa sababu kundi la gorila la Nkuringo lilikuwa linatoka msituni kila siku. Mke wake ana maneno yake kuhusu gorila, siwezi kuyaandika hapa.

Simba_Mkavu:

Samahani kama nitawaudhi. Mgeni analipa dola 800 kumwangalia gorila saa moja. Hizo pesa zinakwenda wapi mpaka wapagazi wa Moshi, ambao na wao wanategemea tipu, wachangie viatu? Serikali yao iwalipe.

Bunagana_Mpakani:

Swali la haki. Kisheria asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi inarudi kwa vijiji vinavyopakana nayo, na juu yake kuna dola 10 katika kila kibali cha gorila. Ila zinakwenda kwenye miradi ya kijiji: darasa, barabara, mbuzi wa kugawa. Haziendi kwa mtu kwa sababu alishinda na njaa kwenye mvua. Aliyejitolea na aliyelala nyumbani wanapita barabara hiyo hiyo.

Na utalii ukifa, unaona matokeo mara moja. Juni 2020, corona imefunga kila kitu, dume aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi hilo hilo la Nkuringo, aliuawa kwa mkuki. Aliyekamatwa ni mtu wa kijiji cha karibu, alikutwa na nyama ya porini na zana za kuwindia. Akasema walikuwa wanawinda wanyama wadogo, Rafiki akamshambulia, naye akajitetea. Alihukumiwa miaka 11. Mimi simtetei, lakini mwezi ule hapa palikuwa pagumu. Vijana waliozoea kubeba mizigo ya wageni walikuwa wanakaa tu barabarani.

Mama_Furaha_Bkv:

Jambo sana ndugu zangu. Mimi niko Bukavu, Kongo, upande wetu ni hifadhi ya Kahuzi-Biega, na gorila wetu ni wale wa nyanda za chini za mashariki, si wa milimani. Makadirio ya mwaka 2021 yalisema wamebaki kama 6,800, na hao wa milimani waliohesabiwa hadi 2018 ni 1,063. Mtu asione wetu ni wengi akatulia. Wako kwenye orodha ya walio hatarini kabisa tangu 2016, kwa sababu ya bunduki na machimbo. Wachimbaji wa koltani, yale madini ya kutengenezea simu, na dhahabu wakiwa ndani kabisa ya pori, wanakula kinachopatikana porini.

Mitego nayo tunaijua. Dume letu Mugaruka mkono mmoja hana, mtego ulimkata.

Ninalotaka kumwambia Kipara: uliza ni nani kwenye kijiji anajua msitu kuliko wote. Huku kwetu ni Watwa, wale watu walioishi msituni tangu zamani. Walitolewa Kahuzi-Biega miaka ya 1970 bila kupewa ardhi, na Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Watwa wa huko walipata hayo hayo. Ukisaidia kikundi cha kujitolea na ndani yake hamna Mtwa hata mmoja, jua wewe umewasaidia wenye mashamba. Si vibaya, ila ujue.

Tena usitume kila kitu kwa njia moja. Sisi benki zilifungwa mwaka 2025 vita vilipofika hapa, tukabaki na pesa za simu. Uganda kuna amani, lakini bado ningetuma kidogo kidogo kwenye namba ya kikundi yenye watu watatu wa kuidhinisha, kuliko kumpa mkononi mtu mmoja anayejua Kiswahili vizuri.

Kipara_wa_Marangu:

Hilo la mwisho limenigusa, maana mwenyeji wangu ndiye pekee aliyekuwa anatutafsiria.

Nguo tumeziondoa. Mweka hazina kasoma na kanuna, ila kakubali. Bunagana, sasa tuseme tuna pesa ya kutosha vifaa vya watu ishirini na inabaki. Tununue nini, na hiyo inayobaki tuiweke wapi?

Bunagana_Mpakani:

Gambuti mpya na makoti mazito ya mvua. Msinunue Moshi, nunueni mjini Kabale huku Uganda, mtapata bei nzuri na mtu akikuta hakimtoshi anabadilisha. Tochi za kichwani nzuri kama mnazotumia nyinyi kupanda kileleni usiku, hizo leteni, huku ni ghali. Barakoa na sabuni pia. Mgeni anaambiwa akae mita 10 na avae barakoa, lakini huyo mama uliyemwona anasogea kuliko mgeni yeyote, na mafua yake ndiyo mafua ya gorila. Kuna shirika la huyo huyo daktari Gladys, Conservation Through Public Health, linafanya kazi na wahudumu wa afya wa vijiji hapa. Kabla ya kuleta dawa au chochote cha afya, ongeeni nao.

Inayobaki wekeni kwenye sanduku lao la kuweka na kukopa, kwa sharti moja: aliyekosa palizi kwa sababu ya zamu akope bila riba, aweke kibarua shambani. Shemeji nimemuuliza jana, akasema hicho kingemsaidia kuliko koti.

Halafu kuna kahawa. Shirika hilo lilianzisha mwaka 2015 mradi wa kununua kahawa ya wakulima wa hapa kwa bei nzuri na kuiuza kwa jina la gorila. Wageni wenu wakinunua pakiti moja moja wakati wa kurudi, ni msaada usiohitaji gunia.

Kipara_wa_Marangu:

Kuwauzia wageni kahawa ya Uganda wakati babu yangu alilima kahawa Marangu maisha yake yote, hapo mzee atanitokea usiku. Lakini sawa, nitawaambia.

Naomba saizi za gambuti. Na huyo mama wa mfuko wa mbolea lazima awemo.

Bunagana_Mpakani:

Wanaume wengi 42 na 43. Wanawake wako sita, chukueni 38 na 39, maana kila msaada wa viatu huku unakuja wa kiume, wanajaza matambara ndani. Orodha kamili nitakutumia Jumatatu, siku ya kikao chao. Na Watwa wawili wamo, Mama Furaha, nimeuliza.